Nyuzi Tisa

Programu inasema: leo, saa mbili na dakika nane usiku,
Dubu Mkubwa atatoa pua upande wa kaskazini.
Mawingu asilimia kumi na mbili. Mwezi haupo.
Nami nipo hapa Pasua, juu ya zege
la nyumba iliyoahidiwa ghorofa ikakosa,
nondo zimesimama kama vidole vya mwanafunzi anayeomba ruhusa,
darubini shingoni, kanga begani,
simu nimeigeuza nyekundu
macho yasilisahau giza.

Saa mbili na nane. Hakuna pua.
Saa mbili na nusu. Hakuna.

Haidanganyi, haijui tu.
Aliyeiunda labda alilelewa tambarare
akadhani mbingu ya kila mtu huanzia kwenye kidevu.
Hakuambiwa kuwa kwetu Moshi
kaskazini ina mwenyewe.

Dubu alitokea saa tatu na robo,
akiruka Mawenzi kama mtoto anayeruka ukuta wa shule.

Mimi ni fundi cherehani. Kupima nakujua.
Nikanyoosha mkono, nikakunja ngumi:
ngumi moja, nyuzi kumi, ndivyo Aikande alivyonifundisha
siku aliyonipakulia programu hii na kunilipia bando.
Kibo akaenea ngumini, akabakiza nafasi ya pindo.
Nyuzi tisa.
Nilicheka peke yangu. Miaka yote hii nyuzi,
za pamba, za polista, za kukatikia tunduni,
kumbe hata mlima hupimwa kwa nyuzi.

Kuna mahali pameandikwa: Rekebisha upeo.
Nikakata kwa kidole, kama nikatavyo kola,
bega la Kibo, tandiko,
kisha Mawenzi kwa mkasi wa meno.
Tangu hapo haijanisubirisha bure.

Kumbukumbu zangu za Februari:
Tarehe tano. Mshtarii na vijana wake watatu. Wa nne sijui kaenda wapi.
Tarehe tisa. Mawingu.
Tarehe kumi. Mawingu, na mbu.
Tarehe kumi na mbili. Umeme umekatika mji mzima.
Majirani wanalaani, mimi namshukuru Mungu kimyakimya.
Mkanda wa Jabari: vifungo vitatu,
vimenyooka kuliko ninavyovishona mimi.

Tarehe kumi na nane, saa saba usiku.
Kilimia kimeshazama, nimeanza kukunja mkeka.
Nikapitisha darubini mlimani, mazoea tu,
nikaona nukta.
Chini ya theluji, zimefuatana, rangi ya chai ya maziwa.
Nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena, tisa.

Programu ikauliza: Umeona nini?
Nyota. Sayari. Kimondo. Setilaiti. Nyingine.
Nikagusa Nyingine.
Mwangaza? Hafifu.
Kimo? Nyuzi nane, na zinapanda.
Mwendo? Nikaandika: polepole,
neno analowaambia wageni wake tangu getini,
na mimi simuni, kila anapofunga buti.
Maelezo? Taa za kichwani.
Moja ni ya mwanangu. Sijui ni ipi.

Imehifadhiwa, ikasema.
Kisha, kwa adabu ileile inayotumia kwa nyota zote:
Muda wa kuonekana tena: haujulikani.

Chaji asilimia nne.
Nikaukunjua mkeka.