Maji ya Mita

Tulimkuta ndani ya kisanduku cha mita,
mvua za Aprili zilipokata:
kobe wa maji, gamba upana wa kisahani,
amekalia kioo, ameziba namba
kana kwamba yeye ndiye msoma bili.

Salha akampa jina hapohapo: Mita.
Mimi nikampa nusu ya tangi la lita elfu
lililopasuka mabegani mwaka juzi.
Nikalikata kwa msumeno, nikaliweka uani,
upande wa dirisha la Mama Ndimbo.

Siku ya tatu maji yakawa chai ya mkandaa.
Siku ya tano Mama Ndimbo akafunga dirisha.
Siku ya sita akalifungua,
ili nimsikie vizuri.

Nikacheka. Mimi?
Niliyekesha Ruvu Chini miaka kumi na tisa,
zamu ya usiku, nikiuchujia mji maji ya kunywa,
leo nishindwe na beseni?

Nikachora nyuma ya kalenda iliyopitwa:
pampu ya feni mbovu, bomba la nusu inchi,
elbo mbili, tepu nyeupe,
ndoo za rangi zikishuka kama ngazi.
Ya kwanza, kipande cha godoro
kikamate kinyesi na vichwa vya dagaa.
Ya pili, mchanga, niliouosha
hadi mgongo ukaniambia basi.
Ya tatu, madodoki makavu na vizibo vya soda
mia tatu na kumi na viwili
(Salha ndiye aliyehesabu),
kila kimoja kimetobolewa kwa msumari wa moto.

"Vya nini hivi, babu?"
"Nyumba."
"Za nani?"

Nami nilikuwa nimeambiwa tu,
na kijana auzaye samaki wa mapambo Kariakoo:
Mzee, usihangaike kusafisha maji.
Fuga wanaoyasafisha.

Wiki tano tukawasubiri wageni wasioonekana.
Asubuhi moja nikaliona tofali lote, hadi chini,
na kucha za Mita, na shilingi mia
ambayo kila mtu nyumbani alidai ni yake.

Kisha nikafanya kosa la mtu aliyesifiwa.
Jumamosi bomba lilitoka, unaijua furaha hiyo,
nikayatoa madodoki yote
nikayasugua kwa maji mapya yenye dawa
yakang'aa kama masufuria ya bibi harusi.

Jumatatu maji yakanuka.
Jumanne Mita akapanda tofali, akagoma kushuka.

Klorini.
Niliyoipima kwa mkono huuhuu,
nikiua nisivyoviona
ili watoto wa watu waamke wazima,
ndiyo niliyowamwagia wapangaji wangu.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu,
na mimi nilikuwa gharika.

Tukaanza tena.
Siku hizi dodoki nalisuuza
kwa maji yaleyale ya tangi, machafu vile vile,
kwa vidole viwili, kama uso wa mtoto aliyelala,
na nalirudisha lingali na taka zake kidogo.
Umeme ukikatika, Salha huchota kwa kopo
akimimina ndoo ya juu, akihesabu,
wapangaji wasikose pumzi.

Ndoo ya nne hatukuipanga.
Matembele yalijiotea, mizizi ndani ya maji,
majani mapana kuliko ya sokoni.
"Tunakula mavi ya Mita?" Salha akauliza, kijiko hewani.
Nikamwambia ndiyo, na ongeza chumvi.
Mama Ndimbo sasa hugonga dirisha kwa jambo jingine:
ana nazi, hana mboga.

Leo siku ya tisa bomba letu linakohoa hewa.
Kimanga nzima imepanga madumu.
Uani, gizani, maji yanashuka ndoo kwa ndoo,
yanarudi, yanashuka.
Nami sina usingizi.
Nimeketi kwenye kigoda, tochi mkononi,
zamu ya usiku.