Safu ya Tano

Fomu ya manispaa ina safu nne:
lori, basi, bajaji, bodaboda.
Tangu alfajiri nipo njia panda ya Mangamba
nachora vijiti, vitano vitano.
Malori ya korosho nimeyahesabu yote,
hata lile lililozima likasukumwa.

Akapita Somoe Nalinga, atokea Mikindani,
kandambili mkononi, kadi ya kliniki kifuani.
"Mbona mimi hujanichora?"

Nikatazama fomu.
Sikumjibu.

Alipokwisha potelea upande wa Ligula
nikatoa rula, nikapiga mstari pembeni:
Waenda kwa miguu.
Kijiti kimoja.

Nyuma yake wanafunzi, wauza dagaa,
vibarua wa bandarini,
na pembeni pa karatasi
pamebaki upana wa vidole viwili.