Hesabu ya Neno Moja

Meneja anataka namba kabla ya saa nane.
"Neno maji, Mketo. Limetajwa mara ngapi?
Safu zote tatu: lalamiko, mtaa, maoni.
Namba moja tu, niingie nayo kikaoni."

Ghorofa ya pili, Temeke. Feni imekufa tangu Jumatatu.
Naandika fomula, shati limenata mgongoni:
tafuta popote, hesabu, jumlisha.
Nabonyeza.

Elfu moja mia tisa na kumi na nne.

Nikashtuka. Malalamiko yenyewe ni mia nane na sita.
Watu mia nane wapate wapi kiu ya elfu mbili kasoro?

Nikashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.
Kumbe mashine haijui kiu, inajua herufi nne.
Imeyakuta maji ndani ya majirani,
imeyakuta ndani ya majibu:
"Tumeleta barua tatu, hatujaona majibu."
Ikachota hapo, ikaridhika.
Ikachota kwenye majina, kwenye majira,
hata kwenye majivu ya jiko la mama mmoja wa Tandika.
Na Maji Matitu, mtaa mzima,
kila nyumba imeingia mara mbili:
mara kwa kiu yake, mara kwa anwani yake.

Nikaweka nafasi mbele, nikaweka nafasi nyuma,
neno lisimame peke yake, lisiguswe na mtu.
Namba ikaporomoka: mia tatu na kumi na moja.
Nikapumua. Kisha nikaona nilichofanya.
Waliomaliza sentensi yao vizuri, kama walivyofundishwa shule,
"Hatuna maji."
nukta imewameza.
Waliopiga kelele, maji!!!
kelele zao ndizo zimewatoa nje.

Nikawarudisha mmoja mmoja.
Mia tano arobaini na mbili. Hii ni kweli.
Hii naweza kuapia.

Lakini macho hayakutoka kwenye mistari iliyobaki mitupu.

Sikudhani Mbwana, Mbagala Kuu:
"Bomba linakohoa usiku, kukicha limekauka koo."
Tabu Kindamba, Yombo Vituka:
"Mita inazunguka kwa upepo. Upepo nalipia."
Mwingine, jina halisomeki:
"Dumu la mkokoteni limefika mia sita, na nina mzazi ndani,
ana siku nne."

Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Aliyeungua haandiki "moto".
Anaandika "mkono wangu".

Na huyu wa Mtongani, Bi Hadia Ungando,
safu ya lalamiko: "Yale yale."
Safu ya maoni: "Mnajua."

Saa nane kasoro dakika nne meneja akachungulia mlangoni.
"Namba?"
Mia tano arobaini na mbili.
Akaiandika pembeni ya faili, akaipigia mstari chini,
akasema ahsante, kazi nzuri,
viatu vyake vikashuka ngazi.

Nimefungua safu ya nne. Sijaipa kichwa.
Kwa Sikudhani nimeandika moja.
Kwa Tabu, moja.
Kwa mwenye mzazi nimeandika moja, nikaifuta,
nikaandika mbili.

Kwa Bi Hadia nimekwama. Kishale kinapepesa,
kinapepesa, kinaningoja:
niandike moja,
au niandike ofisi nzima.