Penalti ya Konde

Nilijiangusha. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitamka.
Dakika ya themanini na nane, kiwanja cha skuli ya Konde,
sufuri kwa sufuri, mpira mguuni mwangu,
na Bakar Ngwali, beki wa Wete, yuko mbali nami
kiasi cha mbuzi kupita katikati.

Upepo wa jezi yake ndio ulionigusa.
Nikapiga ukelele wa mtu aliyefiwa,
nikabingiria mara tatu, na moja ingetosha,
nikashika goti la kulia.
Kisha, kwa kusahau, la kushoto.

Maalim Shaame alikuwa nyuma, mgongo wa Bakar umemziba.
Wiki nzima akitufundisha hesabu,
Ijumaa jioni akitupigia filimbi
na kaptura nyeusi iliyopauka makalioni.
Akamtazama mshika kibendera:
anafukuza ng'ombe aliyeingia kwenye kona.
Akatia filimbi mdomoni. Akaitoa. Akaitia.
Nikalia zaidi.
Akanyoosha mkono.

Nikaipiga mwenyewe, goti limeshapona.
Goli.

"Refa kala! Refa kala!"
Kala nini, na mfukoni mwake mna chaki?
Usiku ule alisukuma baiskeli hadi kwake,
matairi yote mawili yamechanwa.
Sokoni wakamuuliza mkewe, Bi Time,
"Mumeo kapewa pishi ngapi?"
Nami nilibebwa juujuu, nikanunuliwa soda tatu,
nikazinywa zote.

Hakuchezesha tena.
Filimbi akaitundika msumarini darasani,
ikawa ya kuwaita watoto mapumziko yakiisha.
Na mwaka ule, tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani,
alirudi kutoka pwani anahema:
mwezi ameuona, mwembamba, juu ya mikoko.
Barzani mtu mmoja akacheka.
"Wewe? Wewe uliyeiona penalti?"
Tukafunga thelathini.
Nilikuwepo. Nilikuwa natafuna kijiti.

Miaka sita ikapita.
Msimu wa karafuu, skuli zimefungwa,
walimu na wanafunzi sote tuko juu ya miti Mtambwe.
Tawi la mkarafuu halitoi taarifa.
Nilikuja chini mimi na pakacha langu,
na karafuu zikaninyeshea baadaye, pole pole.

"Inuka, Faki! Hapa hapana penalti!"
"Mpeni kadi ya njano!"
Walicheka mpaka miti ikatikisika.
Sikupiga ukelele.
Anayeanguka kweli hana ukelele,
pumzi yote imebaki kule juu.

Mtu mmoja tu alishuka.
Nikaziona ndara zake, kisha magoti yake,
kisha ule uso uliokuwa ukinisahihishia kugawanya.
Akaupapasa muundi wangu kwa vidole viwili,
akageuza shingo, akasema, "Nyamazeni,"
si kwa sauti kubwa,
na wakanyamaza kama darasa.
Akaniinamia.
"Safari hii nimeona."

Alinifunga gango la fito mbili
kwa kitambaa alichochana kwenye msuli wake,
akanipandisha gari la ng'ombe kwenda Wete,
akakaa nami nyuma, kichwa changu pajani mwake,
akinipungia nzi kwa kofia.
Njia ilikuwa ndefu, na ng'ombe hakuwa na haraka.
Penye mteremko nikasema, "Maalim, siku ile..."

"Ulishika la kulia," akasema.
"Kisha la kushoto."

Nzi akatua. Akampunga.

"Lakini filimbi ilikuwa imeshalia."

Gurudumu likaingia shimoni.
Nikalia, kidogo,
kwa kadiri ya maumivu yenyewe.