Mikate Elfu Kumi na Moja

Tiketi moja mbele, tiketi moja mkiani:
ndivyo tulivyokata, mimi na dada yangu Ermelinda,
Porto hadi São Paulo, ndege ya saa tano usiku,
kumwona kaka Adelino angali anatutambua.

Telmo, mwanawe dada, alicheka hadi akapaliwa.
"Mama, pua ya ndege na mkia wake
hutua uwanja mmoja. Unanunua nini, dakika?"
"Nanunua goti," akajibu dada.

Goti lenyewe wateja wetu wanalijua.
Miaka arobaini na miwili mbele ya tanuri,
sakafu ya mawe, unga hadi kwenye nyusi.
Likikunjwa saa moja huumuka kama donge lenye hamira;
likikunjwa saa kumi, Mungu ndiye ajuaye.

Nikapiga hesabu kwa kipimo changu.
Tofauti ya nauli, yuro elfu mbili na mia mbili.
Mkate mdogo, senti ishirini.
Basi kile kiti ni mikate elfu kumi na moja,
nimeikanda, nimeikata, nimeitia motoni,
ili mtu alale chali juu ya bahari.
Sikusema kitu. Pesa ilikuwa yetu sote wawili
na goti lilikuwa la mmoja.

Njia ya kwenda nyuma hupita mbele.
Nikampita keshavuliwa koti, kashikishwa glasi,
akanitazama kama mtu aliyefumaniwa
akila peke yake.

Kisha pazia.

Siti yangu ya pembeni, ya kati haina mtu,
dirishani kijana kalala mdomo wazi.
Nikala wali wa kwenye sahani ya karatasi,
nikajikunja, nikasinzia
kama gunia lililosahauliwa stoo.

Saa tisa ya nyumbani nikazinduka.
Mwili haujui kwamba uko angani.
Mwili unajua jambo moja tu:
saa tisa, washa moto.

Pazia likatikisika.
Akaja akichechemea, gizani,
akishika migongo ya viti mmoja baada ya mwingine,
miguuni soksi za bure,
mkononi kitambaa cha meza kilichofungwa fundo.
Ndani yake mkate.
"Onja," akasema. "Wameuharakisha."
Nikaonja. Kweli, wameuharakisha.

Mhudumu akaja na tochi yake ndogo:
mama wa mbele amepotea?
"Sijapotea, binti. Nimefika."
Akaketi pale katikati, hakuondoka tena.

Kitanda kikavuka Atlantiki peke yake,
blanketi limekunjuliwa, hakuna mgongo.
Alikuwa amelala saa mbili.
Nilitaka kugawanya ile mikate kwa mbili
nikajizuia, nikamwachia bega.

Asubuhi goti lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto.
Telmo hajui hadi leo.

Wakati wa kurudi tulikaa nyuma wote,
mguu wake umetokeza njiani,
toroli la chai likaugonga mara mbili.
Akauma kitambaa, akasema:
"Aa! Sasa ndiyo nimekijua kile kitanda."

Kile kifuko walichompa, cha mswaki na mafuta ya midomo,
kipo dukani, kinatunza chenji.
Wateja hukiona, huuliza: ilifaa?
Dada husema ndiyo. Mimi husema subirini mkate.

Ila kuna hili, ambalo halikuwamo kwenye hesabu.
Adelino, mifupa mitupu kwenye shuka za hospitali,
hakuuliza habari za Porto, wala nani kafa.
Aliuliza: eti kinalala kabisa? Bapa?
Na Ermelinda akavuta kiti, akanyoosha mguu,
akamsimulia, taa za buluu, mto wa manyoya,
kitufe cha kuinua miguu, glasi ya kioo halisi,
naye kaka akicheka bila sauti, akitaka zaidi.
Akamsimulia saa zote kumi,
hata zile sita ambazo hakuwemo.