Mchwa wa Ukurasa wa Tisini

Riwaya yangu ina kurasa mia tatu na kumi.
Ndahani aliikata kama mtu anavyopogoa mizabibu,
bila huruma, akisubiri chipukizi.
Alinikuta Hombolo, kiangazi, vumbi limeingia hadi kwenye chai,
akaniambia: "Mwalimu, huyu mama ananyamaza mno."

Ananyamaza, ndiyo. Sura nzima ya saba.
Siku baba alipouza shamba kwa tajiri wa Kizota
mama alisonga ugali wa uwele, akapakua, akakaa.
Miaka miwili niliutafuta ukimya ule,
neno kwa neno.

"Kamera haisomi moyo," akasema.
"Nipe mkono wake ufanye kitu."
Basi akampa panga.
Usiku, mwezi wa kukodi juu ya nguzo,
binti mmoja wa Manyoni anafyeka mizabibu,
safu ya kwanza, safu ya pili,
anahema, hageuki nyuma.
Na mchwa wangu? Wale wa ukurasa wa tisini,
waliomaliza safu mbili mwaka ule ule?
"Mchwa hawana uso." Akawafuta.

Nilimwandikia barua. Nikamwita mwizi.
Nikasema kuazima si kurithi,
na mama yangu hajawahi kushika panga kwa hasira.
Hakujibu. Alituma kadi mbili za mwaliko.

Ukumbi wa Makole, viti vya plastiki, jenereta inakohoa nje.
Mama kulia kwangu, kanga yake ya safari,
anamenya karanga taratibu.
Mimi nahesabu makosa kwa vidole gizani:
jiko liko upande usio wake,
mbuzi wamenona mno kwa mwaka wa njaa,
hakuna hata mmoja anayesema mbukwa,
baba mrefu.

Kisha panga likashuka.
Maganda ya karanga yakaacha kulia.
Nikamwinamia nimwombe radhi kwa niaba ya sinema,
naye hakunitazama.

"Nani alimwambia?"

Kwenye skrini mwanamke alikuwa akifuta mikono kwa majani,
polepole, kidole kimoja kimoja.

"Asubuhi baba yako akasema ni mchwa," mama akanong'ona.
"Nikamwachia mchwa wake. Nawe ukamwandikia."

Akachukua karanga nyingine, akaishika bila kuimenya.

"Ila kijana amekosea.
Lilikuwa shoka."