Makoo Matatu

Fundi Chitanda anayamwaga mezani
kutoka kopo la mafuta ya kupikia:
makoo matatu ya chuma, kila moja refu kama kidole gumba.
"Soma mikato ukingoni," anasema.
"Mkato mmoja, limebana.
Mitatu, la wastani.
Mitano, limeachama kama mgeni wa mnada."
Nami nilidhani mikato mingi ndiyo ukali.
Karani wa ghala la korosho,
nimezoea daraja la kwanza liwe la kwanza.

Bunduki ni ya marehemu baba,
Afande Mtauka, askari wa wanyamapori, Liwale.
Mitutu miwili, yote ilibana tangu kiwandani.
Alikuwa mtu wa kanga wa mbali,
na wa maneno ya kuhesabika.
"Umekula?" ndiyo barua yake nzima.
Siku ya kunisindikiza stendi, niende chuo Mtwara,
alikohoa mara mbili,
akalifunga upya begi langu lililokwisha fungwa.

Chitanda ndiye aliyeitia mitutu hesi mwaka huu,
polepole, akikiomba chuma radhi.

Jumamosi. Uwanja wa zamani wa ndege, Nachingwea.
Vumbi jekundu bado limelala.
Hokororo yuko shimoni na mashine yake
ya springi za Landrova.
Visahani kaviumba Bi Esha Namwaka,
kavichoma moto mdogo ili vikubali kuvunjika.
Mitungi yake watu huuliza itadumu miaka mingapi.
Kuhusu hivi, yeye ndiye anayeuliza:
"Mtavivunja, au vitanirudia na aibu?"

Kwanza magazeti, yamegundishwa kwa uji wa muhogo,
hatua arobaini.
Koo la mkato mmoja: marisawa yamekwenda pamoja,
msafara wa siafu,
katikati pamechimbika, tundu la ngumi.
Koo la mikato mitano: yametapakaa
hadi kwenye tangazo la vifo,
na hapa, na hapa, upo mwanya
kisahani kipite kikimshukuru Mungu.
Nakata shauri palepale. La baba.

"Gazeti halikimbii," anasema Chitanda,
wala haongezi.

Hokororo anarusha vya karibu,
vinakatiza kutoka kushoto, hatua ishirini hivi.
Nakosa. Nakosa.
Nakosa kwa upana wa kiganja, naapa nimeona.
Cha nne nakipata sawasawa:
kinageuka unga,
moshi wa rangi ya matofali, basi,
hakuna hata kigae cha kumwonyesha Bi Esha.
Ndivyo ilivyokuwa nyumbani.
Siku baba aliposema, alisema yote mahali pamoja,
tukabaki tunajifuta.
Siku nyingine zote yalitupita pembeni,
mapenzi yale, yakivuma.

Nakunja bunduki, natoa maganda, nachungulia:
mitutu mitupu, duara mbili za anga.
Nafungua la mkato mmoja. Lina joto bado.
Natia la mikato mitano, naliona kama kudanganya mtihani.
"Rusha!"
Kisahani kinapasuka vipande vitatu,
vinaanguka kwa zamu, vinasikika.
Bi Esha anapiga kigelegele kifupi,
kisha anakwenda kuviokota,
avitazame udongo wake ulivyopasukia.

"Sasa vya kukimbia," anaita Hokororo.
"Viwili viwili. Cha pili kitafika kule kwenye mikorosho."

Chitanda ananitazama mikono.
Nina koo la mikato mitatu, la wastani,
ambalo lisingemuudhi mtu.
Nalirudisha koponi.
Mtutu wa kwanza unabaki umeachama.
Wa pili narudishia la mkato mmoja,
nakaza kwa ufunguo mpaka lishike.
Cha karibu nitakipokea hivi nilivyo.
Kitakachokwenda mbali, baba atakifuata.

Wote wamenyamaza, wananingoja.
Nakohoa mara mbili.
"Rusha."